Kisiwa Ndani ya Karai

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na maji mengi zaidi niliyokuwa nimewahi kuyaona yalikuwa ya josho la ng'ombe, nilipoambiwa nisimame mbele ya watu nieleze habari za bahari. Nacheka ninapoandika haya. Hata siku ile nilicheka, ila kilikuwa kicheko cha mtu ambaye moyo wake unapiga mbio na hajui kama ni furaha au ni woga.

Tuliishi kwenye shamba la kaburu mmoja upande wa Soy. Baba alikuwa akishika plau nyuma ya ng'ombe wanane, na hakuna mtu aliyenyoosha mtaro kama yeye. Yeye na mama walitoka Magharibi kwa miguu kutafuta kazi, mama akiwa amebeba sufuria kichwani, na ndani ya sufuria kitabu cha nyimbo za kanisa kilichofungwa kwa kitambaa. Kitabu hicho ndicho kilichoanzisha kanisa letu. Wanawake walianza kuimba pamoja naye jioni baada ya kazi, kisha waume zao wakaja kuona wake zao wamepotelea wapi, na mwishowe kaburu akaturuhusu kujenga nyumba ya udongo karibu na boma la ndama. Jumapili ilikuwa kanisa. Siku nyingine ilikuwa shule, na waliokuja kusoma walikuwa watoto pamoja na wanaume wenye ndevu waliotaka kujua kipande chao cha kazi kimeandikwa nini.

Basi mwalimu wetu akapata ukarani stesheni, akaondoka na begi lake. Akaacha chaki ndani ya kopo la majani ya chai, dirishani.

Niliitaka ile chaki. Sitajitia unyenyekevu nisiokuwa nao. Nilikuwa nimepelekwa kusoma kwa wamishenari kule kwetu Magharibi hadi walipomaliza kunifundisha walichokuwa nacho, na sasa kazi yangu ilikuwa kufua kaptura za kaki za kaburu katika karai kubwa la bati, nyuma ya jiko la memsahibu. Kila nilipopita kanisani nililitazama lile kopo. Siku moja niliingia nikaandika jina langu ubaoni, nikalifuta kwa kiganja, na kiganja kikabaki cheupe mpaka jioni. Sikutaka kukiosha.

Tulioomba kazi tulikuwa wawili: mimi na mkwe wa mzee wetu wa kanisa, kijana mpole, mwenye viatu, aliyeandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Mzee wa kanisa hakuficha lake. Alisema hadharani kwamba hajawahi kuona mwanamke akimfundisha mwanamume mwenye ndevu, na kwamba yeye mwenyewe ana ndevu. Msimamizi wa shule za misheni akaleta barua. Kila mmoja wetu angefundisha somo moja mbele ya wanafunzi na wazazi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, naye angekuja kusikiliza na kuamua siku hiyo hiyo. Mwenzangu akishindwa, kulikuwa na shule nyingine iliyohitaji mtu huko Cheptiret. Huko walitaka mwanamume tu. Mimi nikishindwa, ningerudi kwenye karai, na hakuna mtu angenijaribu tena.

Masomo yalikuwa yamechaguliwa tayari. Mwenzangu alipewa mvua. Mvua! Kitu kinachotunyeshea kila siku saa nane mchana! Mimi nikapewa hivi: Jinsi dini ya Kiislamu na ya Kikristo zilivyofika kwa mara ya kwanza katika nchi ya visiwa.

Nilimwendea baba, aliyekuwa akifunga nira. "Baba, kisiwa ni nini?"

"Ni shamba iko na maji kila upande," akasema bila kugeuka.

"Na hiyo maji ilichimbwa na nani?"

Baba akafikiri. Alikuwa mtu wa kupenda haki katika majibu yake. "Lazima ni Mzungu," akasema. "Nani mwingine anaweza kupoteza nguvu hivyo?"

Mimi nilimwamini. Usiku kucha nililiona josho kubwa lisilo na mwisho, na katikati yake ng'ombe wamesimama juu ya kichuguu, wakingoja mtu awatoe.

Mama ndiye aliyenikumbusha fundi wa cherehani. Alikuwa mtu wa pwani aliyeshonea watu kwenye baraza la duka la Mhindi mjini Eldoret, mji ambao wazee wetu bado waliuita Sisibo. Ndiye Mwislamu wa kwanza niliyewahi kumwona kwa karibu. Nilipokuwa mdogo tulimwona akisali kando ya cherehani yake, tukadhani anatafuta sindano iliyoanguka, tukainama kumsaidia. Hakutukemea. Alimaliza sala, akatuuliza kama tumeipata.

Jumamosi iliyofuata nilipanda lori lililopeleka maganda ya mti wa muwati, ya kulainishia ngozi, kiwandani mjini. Nilikaa juu ya mzigo, nikafika nikinuka kama ngozi mbichi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Usiniegemee vitambaa, binti, utanitia rangi." Alikuwa na kofia safi, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na kikombe kidogo cha kahawa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza. Kitu kingine ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kilikuwa jiwe. Lilikaa juu ya meza yake ya kukatia, jeupe, lenye vitobo vingi kama mkate uliochachuka sana, likizuia vitambaa visipeperuke. Nyanda zetu zina upepo usio na adabu. Nilinyoosha kidole niliguse, naye akanipiga kofi dogo la mkono.

"Mzee, wewe umewahi kuona kisiwa?"

Akaacha kukanyaga cherehani. "Kukiona? Mimi nimezaliwa Unguja. Kwani we wataka nini na kisiwa?"

Nikamweleza yote, mbio mbio, na barua, na msimamizi, na ndevu za mzee wa kanisa, na mvua ya mwenzangu. Nilipofika kwenye swali la nani aliyechimba maji, alicheka mpaka akavua miwani. Mhindi akatoka dukani kuuliza kuna nini. Fundi akamweleza, na Mhindi naye akacheka, na mimi nikasimama pale na maganda yangu ya muwati nikiwa nimeiva kwa aibu.

"Kaa," akasema fundi hatimaye. "Chukua hayo mashati. Kila kifungo utakachonishonea, nami nitakupa kipande cha habari. Lakini usije ukaniambia kwenu wamekukataza."

"Hawajanikataza," nikasema, kwa sababu sikuwa nimewauliza.

Nilienda Jumamosi tatu. Loo, Jumamosi zile! Nilishona vifungo mpaka vidole vikatoboka, na sikusikia maumivu yoyote. Aliniambia kwamba maji ya bahari hayakuchimbwa na mtu, kwamba ni ya chumvi, na kwamba nchi yao yote imezungukwa nayo, hivyo chochote kinachofika kwao lazima kiwe kimevuka. Uislamu ulivuka na wafanyabiashara wa kutoka Uarabuni na Uajemi. Hawakuja kuhubiri, alisema, walikuja kununua na kuuza. Lakini upepo uliowaleta haukuwa tayari kuwarudisha mpaka miezi ipite, na mtu hawezi kukaa miezi mahali bila kula, bila kusali, bila kuoa. Wakaoa. Watoto wakazaliwa, na watoto walijua sala za baba na lugha ya mama. Huko kusini, Kizimkazi, walijenga msikiti wa mawe, na maandishi yao yapo ukutani hata leo.

"Kwa hivyo hakuna aliyewalazimisha?" nikauliza.

"Wamlazimishe nani? Wakwe zao?"

Halafu wakaja Wareno na msalaba na mizinga. Wakajenga kanisa lao, wakatawala, wakachukiwa. Waarabu wa Omani wakawatoa, na kuta za kanisa zikaingia ndani ya ngome. Fundi alisema hivyo huku akikata kola, bila huruma. Nilihuzunika kidogo kwa ajili ya kanisa, nikashona kifungo upande usiofaa.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonipindua. Alinieleza jinsi Ukristo ulivyorudi baadaye na wamishenari wa Kiingereza, wakati soko la watumwa lilipofungwa, na jinsi walivyojenga kanisa kubwa pale pale penye soko. Kisha akanywa kahawa, akaweka kikombe chini taratibu.

"Bibi yangu mzaa mama aliuzwa pale," akasema. "Mtoto mdogo. Alitoka bara, mbali, hata jina la mto wa kwao alilisahau. Wamishenari wakamchukua, akasoma, akabatizwa. We wadhani waliojaa kwanza ndani ya kanisa lile walikuwa watu wa kisiwa? Hata. Walikuwa watu wa bara. Watu kama nyinyi."

Niliacha sindano. Kumbe watu wa bara walikuwa wamefika kisiwani zamani, kwa minyororo, na ndio waliokalia viti vya mbele! Binti wa bibi yule akaolewa na Mwislamu, na hivyo fundi alizaliwa Mwislamu. Ijumaa alikwenda msikitini na baba, na Jumapili bibi alirudi kutoka kanisani na maandazi ya wajukuu. Nyumba moja, na hakuna aliyemtupia mwenzake sufuria. Lile jiwe jeupe lilitoka katika ukuta wa chumba cha bibi, ulipobomoka. Alilibeba alipokuja bara kutafuta maisha.

"Mzee," nikasema, nikiwa nimesimama bila kujua nimesimama, "njoo unisikilize siku hiyo!"

"Kanisani?"

"Ni shule pia."

Alinipa uzi wa bure.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nilimweleza mama, nikamweleza baba, nikawaeleza ndama. Lakini niliwajua watu wangu. Ukiwaambia tu kuna nchi imezungukwa na maji, watakuuliza alichimba nani. Ilinipasa wakione kisiwa kwa macho. Basi nikakijenga. Nilichukua udongo wa kichuguu, ule tunaojengea nyumba, nikaukanda vizuri, nikaufinyanga kama kilima kidogo, nikauanika siku nne juu ya paa la jiko. Ukakauka ukawa mgumu. Nikaweka msikiti wa kipande cha gunzi, na kanisa la kipande kingine chenye msalaba wa vijiti. Majahazi ya wafanyabiashara nikayafanya kwa maganda ya mahindi. Bahari ilikuwa karai la memsahibu, ambalo niliazima bila kumsumbua kwa maswali.

Kitu kimoja fundi alikuwa ameniambia mara mbili, nami sikukisikia vizuri kwa sababu ya furaha. Alisema kisiwa chao ni cha matumbawe. Mimi nilifikiri ni aina ya udongo.

Jumamosi ile ilinyesha mvua tangu alfajiri, kana kwamba imetumwa na mwenzangu. Wanawake walikuwa wameparua sakafu na kuipaka samadi mbichi ya ng'ombe, ikang'aa. Msimamizi alifika kwa baiskeli, Mwafrika mwenzetu, mrefu, na akafuta viatu vyake vyeusi kwa nyasi mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyumba ilijaa. Wenye viatu mle ndani walikuwa watatu tu: msimamizi, mzee wa kanisa na mkwe wake.

Mwenzangu alifundisha kwanza, na nilitamani awe mbaya, lakini hakuwa mbaya. Alichemsha maji, akashika mfuniko juu ya mvuke, matone yakadondoka, akasema hiyo ndiyo mvua. Msimamizi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee wa kanisa akatutazama sote mmoja mmoja, kuhakikisha tumeona.

Ikawa zamu yangu. Nilipoinua macho nikaona kofia safi dirishani. Fundi alikuwa amesimama nje, chini ya mchirizi wa paa, na mfuko wa kitambaa kwapani. Alikuwa ameacha cherehani yake siku ya Jumamosi, siku ya wateja! Nikachukua chaki.

Sikumbuki nilivyoanza, lakini nakumbuka jinsi watu walivyoinuka kutoka kwenye mabenchi nilipoweka kisiwa katika maji. Niliwasukuma Waarabu na Waajemi kwa pumzi, maganda ya mahindi yakaelea hadi ufukweni, na watoto wakapiga makofi. Nikawaozesha. Nikajenga msikiti. Nikaleta Wareno, nikawatoa. Mama mmoja mzee, mke wa mchunga kondoo, aliinua mkono.

"Tichaa, hiyo maji ilichimbwa na nani?"

Nilimtazama baba. Baba alitazama paa. "Na Mungu, Mama," nikasema, "siku ile ile alipotengeneza hii milima yetu." Aliridhika kabisa.

Nilifika kwenye soko na bibi. Nilisimulia jinsi watu wa bara walivyojaa katika kanisa la kwanza. Hapo msimamizi akainua kalamu.

"Haya ya nyumba moja yenye dini mbili hayamo katika kitabu chetu," akasema. "Nani alikufundisha?"

Ningeweza kusema wamishenari. Kinywa changu kilikuwa tayari kusema wamishenari. Kiganja chenye chaki kililowa jasho.

"Fundi wa cherehani wa mjini," nikasema. "Ni Mwislamu. Bibi huyo ni bibi yake."

Mzee wa kanisa akakohoa, kikohozi cha mtu ambaye amekuwa akikiweka tayari tangu asubuhi. Msimamizi akaandika kitu. Na wakati huo huo, kama vile siku haikuwa imenitosha, mtu wa mbele akasema, "Angalia!"

Bahari ilikuwa imegeuka nyekundu. Kisiwa changu kilikuwa kinayeyuka. Kwanza upande mmoja ulimeguka ukaanguka, kanisa likaenda nao. Kisha msikiti ukainama polepole, ukasimama kidogo kama unaofikiri, ukaingia majini. Nilitia mikono nishike, nikashika tope. Baada ya muda usiotosha kusema Baba Yetu, karai la memsahibu lilikuwa na uji mwekundu na vipande viwili vya gunzi.

"Kwa hivyo," akauliza mke wa mchunga kondoo, kwa masikitiko ya kweli, "hiyo dini zote mbili zilizama?"

Wakacheka. Siwalaumu. Mzee wa kanisa alicheka kuliko wote, na mkwe wake, Mungu ambariki, hakucheka. Nilisimama na mikono inayodondosha tope. Nililiona lile kopo dirishani, nikajua nimelipoteza, na machozi yalinijia. Sina haja ya kuyaficha sasa.

Kisha mlango ukafunguka. Fundi alikuwa kizingitini, amelowa. Aliinama, akavua viatu, akaviweka nje kando kwa kando, akaingia peku. Watu wakampisha. Alipita katikati ya kanisa letu bila kumtazama mtu, akafika mbele, akaweka mkono mfukoni, akatoa jiwe. Alilitumbukiza katikati ya karai. Tope likatawanyika, na jiwe likasimama, kichwa chake cheupe juu ya maji.

"Matumbawe," akaninong'oneza. "Nilikwambia mara mbili."

Ghafla nikaelewa jambo ambalo Jumamosi zote tatu sikuwa nimelifikiri. Nilisikia sauti yangu ikipanda.

"Mzee, ule msikiti wa Kizimkazi ulijengwa kwa jiwe gani?"

"Kwa jiwe hili."

"Na lile kanisa la sokoni?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kwa jiwe hili hili. Kisiwani hatuna jingine."

"Mmesikia?" nikawageukia watu, nikipiga kelele kama mtu aliyeona moto. "Hazikuzama! Kilichozama ni udongo wangu, kwa sababu mimi ni mtu wa hapa na sijui kujenga kisiwa. Walipofika, wa msikiti na wa kanisa, kila mmoja aliinama akachukua jiwe lile lile la pale pale. Njooni mlishike!"

Nililitoa majini kabla sijakumbuka kofi la mkono. Nilimtazama fundi kwa hofu. Akaitikia kwa kichwa: nenda. Basi lile jiwe ambalo Mhindi mwenye duka hakuwahi kuligusa likaenda mkono kwa mkono katika kanisa letu, kutoka kwa mke wa mchunga kondoo hadi kwa baba yangu, ambaye alilipima uzito kama anayenunua, hadi kwa watoto, waliolinusa na kulilamba kutafuta chumvi. Wenye ndevu waliuliza maswali. Jahazi linachukua watu wangapi? Bibi alikumbuka nyimbo za kwao? Na huyo mume Mwislamu alikula yale maandazi? "Aliyala," fundi akajibu, "na aliomba mengine." Sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile tena maishani, na nimesikia kelele nyingi za madarasa.

Msimamizi aliangalia viatu vya fundi mlangoni, vikinyeshewa. Akaangalia miguu ya watu wote, peku. Akaangalia viatu vyake. Kisha akainama, akafungua kamba, akavivua, akaviweka chini ya benchi, akasimama na soksi zake kupokea jiwe. Mzee wa kanisa alibaki akitazama kushoto na kulia, na alipoona yeye na mkwe wake tu ndio waliobaki, naye akavua. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka na kukikimbia kidole gumba.

Msimamizi aliligeuza jiwe, akachungulia vitobo vyake. Alinirudishia.

"Muda wako umekwisha zamani," akasema. Nikainamisha kichwa. "Lakini kuna mikono mitatu bado iko juu. Wajibu, Mwalimu."

Mwalimu! Niliwajibu. Siwezi kukumbuka waliuliza nini wala nilisema nini. Mama ndiye anayedai kwamba nilijibu vizuri.

Nilimsindikiza fundi hadi barabarani kungoja lori. Mvua ilikuwa imekatika. Nilimshukuru kwa jiwe, nikamshukuru zaidi kwa heshima aliyoionyesha kanisa letu, kuvua viatu kama anavyofanya msikitini.

"Heshima gani?" akasema. "Viatu vilikuwa vimejaa tope la njia yenu hii. Nimeona mama zenu wametaabika na sakafu." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe jiwe langu. Upepo wa huku utanimalizia vitambaa."

Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa alivua viatu vyake mlangoni. Mkwe wake naye, aliyekuja kutuaga kabla ya kwenda Cheptiret. Hakuna aliyewaagiza. Walikuwa wamemwona msimamizi akifanya hivyo, na walichukulia kwamba ndiyo kanuni mpya kutoka misheni. Kadiri miaka ilivyopita na watu wengi wakapata viatu, kizingiti chetu kilijaa viatu, na wageni walipouliza waliambiwa kwamba sisi ni kanisa la zamani, tunafuata desturi za zamani. Wengine walitaja Musa na kichaka kilichowaka moto. Nami nilifundisha katika nyumba ile mpaka ikawa ya matofali, mpaka kaburu akaondoka, mpaka wanangu wa darasani wakaleta wajukuu. Wala sikuwahi kumsahihisha mtu juu ya viatu.

Juzi kaja mchungaji kijana, mzuri, mwenye maswali. Alisimama na viatu vyake mkononi akaniuliza, mimi niliyebaki peke yangu kati ya watu wa siku ile, desturi hii takatifu ilifikaje kwetu kwa mara ya kwanza. Wazee wenzangu walinitazama, wakingoja Musa.

Nilikumbuka kiganja changu na jasho la chaki.

"Ililetwa na fundi wa cherehani," nikasema. "Mwislamu. Alikuwa na tope."